Mashimo ya Keki

Jero uko? Shika simu. Nimejifungia jikoni nalia.

Ile keki ya chokoleti tuliyofundishwa darasa la jioni, ile unatoboa mashimo na mpini wa mwiko ndipo umwage pudini iingie ndani? Leo nimewapikia wakwe. Mara yao ya kwanza kuja kwangu, Jero! Ikatoka laini kama shavu la Shantel. Nikaitoboa vizuri, nikaiacha ipoe, nikatoka kuomba maziwa ya pudini kwa jirani.

Narudi, sinia tupu!!

Mama mkwe ananishika mkono, ananinong'oneza: "Mama Shantel, pole mwanangu. Panya walikuwa wameitoboatoboa yote. Nimewapa ingokho kabla watu hawajaona."

Kuku, Jero. Keki yangu iko tumboni mwa kuku. "Wameitoboatoboa yote!"

Nikafungua mdomo nimwambie ni mimi nilitoboa. Lakini alivyokuwa ananiangalia kwa huruma... Tangu Onesmus anioe, huyu mama ananiitanga "yule msichana". Leo ndio nimekuwa mwanangu. Sasa nimwambie amelisha kuku keki nzima?

"Asante, mama," nikasema.

Kumbe mnong'ono wake umefika hadi sebuleni. Shemeji wote wameinua miguu juu ya viti! Baba mkwe ameshaahidi kutuletea paka kutoka Lumakanda.

Anaita tena huko: "Mama Shantel, unataka dume ama jike?"

Jero, nimjibu nini?