Fremu Arobaini na Moja

Jumanne, 7 Oktoba 2025

Arobaini na moja! Jamaa wa mtandaoni ana kompyuta kama yangu, kadi ya picha ileile, gemu ileile ya mbio za magari – yeye anapata fremu tisini kwa sekunde. Gari lake linateleza tu. Langu linakwenda kwa kukatakata. Kwa nini? Nimerudia video yake mara nne, nimenakili setingi zake zote kwenye daftari. Arobaini na moja tena.

Kadi kaniuzia kaka Gervais wa Inyonga, mtoto wa mama mdogo. Aliapa ni nzima. Mh.

Jumatano, 8 Oktoba

Ajabu. Nikiwasha tu, inasoma themanini na nane. Dakika kumi baadaye inashuka – sabini, hamsini, arobaini na moja, inatulia hapo. Nimezima, nimewasha. Vilevile! Kuna kitu kinachoka – nini? Mpanda kuna joto mwezi huu, ila jamaa wa video naye alikuwa anavuja jasho. Mama kapita na uzi wake wa kufuma, kauliza kama gari limeharibika. Nikamwambia limechoka. Akasema basi lipumzishwe.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimemwandikia Gervais. Hasira zilinizidi. Nimesema kadi imechakaa na alijua, na kumuuzia ndugu kitu kibovu ni wizi. Neno wizi nimeliandika mimi mwenyewe. Kajibu mstari mmoja: Jumapili anakuja kuichukua, na nisimwite kaka tena.

Roho imeniuma. Lakini arobaini na moja ni arobaini na moja.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mungu wangu. Tisini na mbili!

Nusu saa nzima, haishuki. Sijagusa kitu. Nikakaa naikodolea macho – nini kimebadilika? Halafu nikaona makochi matupu. Tivii tupu. Leo siku ya Mama kufua vitambaa vya sebuleni! Vyote viko kwenye kamba, pamoja na kile kikubwa cha maua mekundu alichoifumia kompyuta, akakishonea bitana ili vumbi lisipite. Vumbi halipiti. Na hewa je? Kinafunika matundu ya juu, kinaning'inia mpaka nyuma kwenye feni. Mwezi mzima mashine inapikwa, na mimi macho yamekizoea.

Kwa hiyo Gervais hakuniibia. Nimempigia mara tano. Hapokei.

Na Mama nitamwambiaje? Yeye ndiye aliyekuwa akisema gemu ni uhuni. Siku alipoleta kitambaa alisema kitu cha sebuleni hakikai uchi. Nikajua ameikubali. Nusura nilie.

Jumapili, 12 Oktoba

Gervais kafika. Hajanisalimia. Naandika chumbani, nimesema nabadilisha nguo. Nasikia bisibisi zake mezani. Mama hajui lolote – anamwonyesha kitambaa, amekipiga pasi, amekirudisha mahali pake toka asubuhi. Na ameanza kufuma kingine, cha kompyuta ya Gervais, shukrani kwa kuniuzia kitu kizuri!

Nasikia Gervais anaweka bisibisi chini. Kisha kauliza polepole, Mama Mkubwa, hiki kinakaa hapa hata mashine ikiwa inawaka?

Mama kajibu kwa fahari: muda wote, mwanangu.

Sasa Gervais ananiita.

"Ernestine! Njoo umweleze kaka yako, tatizo ni nini?"