Mama Anataka Kumchukua Kishindo

Chumba cha Kushonea,
Nyuma ya Duka la Viatu.
Jumapili, 8 Machi

Mpendwa kaka,

Habari za huko? Wifi naye, mgongo umepoa? Huku tu wazima, ila kichwa changu kinazunguka. Naandika kwa sababu kwenye simu nachanganya maneno. Dereva wa lori anayekuja huko kesho atakupa barua hii.

Mwanao ni mzima kupita kiasi. Tangu mmwache kwangu hajui kutembea, anajua kukimbia tu. Anapanda meza ya kukatia, ananivuta futi shingoni, na nikimwambia aache, anacheka. Jina la Kishindo wamempa wateja, si mimi.

Mama anasema mtoto wa miaka miwili na nusu anatakiwa awe ameshajua kutulia, na kwamba wewe ulikuwa ukiwekwa mahali unakutwa hapohapo. Mimi nitajuaje, nilikuwa sijazaliwa. Nikaenda kliniki kumuuliza muuguzi kama mtoto ana kasoro. Akanishangaa. Akasema hana lolote, umri huo ni wa kupanda, kubeba na kurusha, na kukaa kimya ni dakika chache tu. Nimpe vikazi anavyoviweza.

Basi nikampa. Nikamfanya mbebaji wa mikono ya mashati, kutoka mezani mpaka kapuni. Kaka, alichapa kazi huyo! Tatizo makapu yalikuwa mawili, la mikono mirefu na la mifupi, na mimi nilishona huku napiga soga, sikuangalia. Mhudumu wa hoteli alipokuja kujaribu sare yake, mkono mmoja ulimfunika vidole, mwingine ukaishia juu ya kiwiko.

Mama akasikia. Alhamisi akaja, akamweka Kishindo kwenye kigoda, akamwambia, "Kaa." Akakaa. Mchana kutwa, viganja katikati ya magoti. Wateja wakamsifu. Mama akaniambia alikuwa anakosa mtu wa kumnyoosha tu. Sikudanganyi, kazi yangu ilikwenda, nilimaliza sare zote. Lakini roho haikutulia, na sijui kwa nini.

Sasa Jumamosi mama anakuja kumchukua, akakae kwake mpaka mrudi. Unaijua sebule yake, glasi kila mahali. Nishike lipi? Mama amelea watoto sita, mimi hata mmoja sina. Muuguzi naye amesomea. Nikimsikiliza huyu naona kweli, nikimgeukia yule naona kweli.

Msalimie sana wifi, na binamu yetu fundi bomba, mwambie bado namdai salamu. Jirani muuza viatu anawasalimu.

Nilitaka kuishia hapo, ila kuna kitu sijakwambia. Alhamisi ile, mama alipoondoka, nilimwambia Kishindo ashuke acheze. Hakushuka. Nikamwekea sufuria na mwiko apige kelele anavyotaka. Akaviangalia tu. Halafu akatazama mlangoni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nikae?"

Nilimbeba mwenyewe kumtoa pale. Kaka, sijui watoto wanatakiwa waweje, ila niliogopa. Mpigie mama kabla ya Jumamosi. Mimi hanisikii, na wewe ndiye baba yake.

Mungu awalinde huko mliko, awarudishe salama.

Mdogo wako akupendaye,
Fundi wako wa cherehani