Walipima kilo, mguu hawakuangalia

Muji ya Baraka, siku ya pili ya juma

Mi niko na miaka sabini na moya. Nimepita vita, kolera, na ziwa kupanda mupaka mulangoni. Leo muganga wa hospitali ameona tumbo yangu kubwa tu!

Nilimupelekea mguu yenye kidonda. Naogopa wataikata. Balansi yake, mizani ya kupima kilo, ikashindwa kunibeba, akanituma soko, kwa balansi ya magunia. Bamama bakacheka: "Mzee, gunia hii ya muhogo imetoka kijiji ya Mboko?"

Nikarudi. "Punguza kula," akasema. Kitambaa ya kidonda hakufungua.

Nikaweka mguu juu ya meza yake, nikakatala kutoka. Mwenzake, muganga mwanamuke, akaingia, akafungua kitambaa polepole. "Papa, inakuuma tangu lini?"

Mi mwenye kelele nikapanguza macho.

Mama Sifa, bibi yangu wa ndoa, alikuwa pale. Aulizwe: haikuwa machozi, ilikuwa jasho.