Chandarua Ndani ya Tangi

Somanda,
Bariadi, Simiyu.
10 Desemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Monika,

Tumsifu Yesu Kristo. Ngoja nikujulie hali kwanza kabla sijaanza kulia. Lile tumbo lililokuwa likikusumbua limetulia? Na baridi ya huko kusini umeshaizoea, au bado unalala na soksi? Mama Mlezi wenu, ambaye najua ataifungua barua hii kabla yako, namsalimu kwa heshima na kumwomba asichoke kusoma, maana leo nina mengi na mengine hayamfai mtawa.

Sisi tupo. Mvua zimeanza vizuri na watu wako mashambani wanapanda pamba, hata bodaboda wamepungua mjini. Baba anaendelea vizuri, ila ule mguu bado unamuuma. Mdomo wake ni mzima kabisa, kila anayepita barabarani anapata lake. Shemeji yako Mayige yuko kwenye kazi zake za umeme kama kawaida. Ningependa niishie hapo, niseme wote wazima, nifunge bahasha.

Monika, vifaranga wa samaki wako wanakufa. Nimekaa mbele ya tangi na karatasi magotini, na kila nikiinua macho namwona mwingine ameshuka chini hatikisiki. Nimejaribu kila ambacho kichwa changu kimeweza kufikiri, na naona nazidi kuharibu. Sina wa kumuuliza ila wewe, na wewe uko mwisho wa nchi.

Unajua tangu uniachie hawa diskasi wako ukaenda novisiati kusomea utawa hawajawahi kunipa hata kifaranga mmoja. Wageni wanaofika hapa wanawaita samaki sahani kwa ule ubapa wao, na wananiuliza kama wanaliwa na ugali au na wali. Walikuwa wakitaga kwenye kile chungu ulichokifudikiza, na kesho yake dume ameshayala mayai yote. Nilikuwa nimeshamhukumu kikaango. Safari hii nikawawekea maji ya mvua matupu, ya kutoka kwenye bati, kama ulivyoniagiza, nikaachana kabisa na ya kisima. Mayige akafunga betri ya sola ili hita isizime umeme ukikatika.

Mayai yakaanguliwa. Vifaranga walining'inia pale kwenye chungu wakitikisa mikia tu, halafu asubuhi moja wakaachia wote, wakaenda kuganda ubavuni mwa mama yao na kumdonoa ule ute wa mwilini. Mama alipochoka alijitikisa mara moja, wote wakahamia kwa baba. Ulikuwa umenisimulia, lakini niliduwaa kama mtu ambaye hajawahi kuambiwa lolote.

Hili linalofuata nakuambia kwa sababu tumetoka tumbo moja. Nilikuwa nimesimama pale nikiwatazama wakinyonya, maana sina neno jingine la kile wanachofanya, na maziwa yakanitoka. Maziwa niliyodhani yamekauka tangu mwezi wa kumi tulipompoteza mtoto. Gauni likalowa mpaka kiunoni. Nililia, ila si kile kilio cha siku zote, na nilipomaliza nikasikia njaa, Monika, njaa ya kweli, nikala ugali wote uliokuwa sufuriani. Tangu siku hiyo nikawa narudi kusimama palepale kila asubuhi. Nilidhani hakuna anayeniona.

Mama Milembe, mama mkwe wangu, alikuja kukaa nasi nilipotoka hospitali. Aliwaacha ng'ombe wake kijijini kwao Zagayu, akawa ananipikia uji, ananikanda kwa maji ya moto, ananigombeza nikigusa ndoo. Sikufichi, alikuwa amenichosha. Yule mama anaongea na kila kitu. Asubuhi akipita sebuleni anawaamkia mpaka samaki, "Mwangaluka," halafu anasimama kidogo kama anangoja waitikie. Lakini alikuwa mtu mwema kwangu, na hilo nalisema nikiwa na akili zangu.

Jumamosi nilikwenda sala ya jumuiya, ilikuwa nyumbani kwa Felisita. Niliporudi nikakuta tangi limegawanywa katikati. Mama alikuwa amefunga fremu ya vijiti, akaivalisha wavu, akaizamisha ndani ya maji, wazazi upande huu na vifaranga upande ule. Hakujificha. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anajifuta mikono, akanieleza taratibu kama unavyomweleza mtu ambaye hajafuga.

"Ng'wana wane, mwanangu, ndama akinyonya bila kupumzika anammaliza mama yake. Hebu ona ngozi yao ilivyochubuka. Nimewatenga tu. Tukiwafungulia kesho watakuta maziwa yamejaa."

Kwao ndivyo ndama wanavyofanyiwa kila jioni na hakuna aliyekufa kwa hilo. Lakini ndama ana nyama mwilini, anaweza kungoja. Hawa wako hawana akiba ya kitu chochote. Nilikuwa natafuta namna ya kumweleza hivyo kwa adabu, na hapo ndipo nikautambua wavu. Kilikuwa kile chandarua nilichopewa kliniki kwa ajili ya mtoto. Nilikuwa nimekikunja nikakiweka chini kabisa ya nguo zangu, na sikutaka mkono wa mtu ukiguse. Alikuwa amekikata vipande kwa kisu cha mboga.

Nilimwambia, "Mwanangu ulimzika bila kunionyesha, sasa umerudi kuwamaliza na hawa."

Aliinuka, akakusanya khanga zake, akatoka kwenda kutafuta pikipiki ya kumfikisha stendi. Mayige alikuwa kazini. Ningeweza kumkimbilia barabarani, palikuwa karibu tu. Sikutoka.

Nikautoa wavu, nikautupa kwenye karai, nikangoja vifaranga warudi kwa wazazi wao. Hawakurudi. Jioni wazazi wenyewe walikuwa wamegeuka weusi, wanapepesuka na kuhema juu ya maji. Mayige alipoingia akauona ule wavu kwenye karai, akaniuliza kama si kile chenye dawa. Monika, nilikaa chini sakafuni. Mbu akikigusa tu anakufa, na sisi tumekichovya kwenye maji ya samaki.

Tangu hapo sijakaa. Nimemwaga maji na kuweka mengine, nimemwaga na kuweka, mpaka pipa la mvua limebaki matope. Mvua iliyokuwa ikinyesha kila siku imeamua kugoma. Nimepita kwa majirani na ndoo. Goodness wa nyumba ya pili alinipa mbili akaniuliza kama samaki wangu wana malaria, nikacheka naye, halafu nikalia njia nzima ya kurudi. Dume amekufa. Jike yupo hai, lakini ule ute unamtoka vipande vipande, na vifaranga wakimsogelea anawakimbia. Wanakwenda kuganda kwenye chungu, kwenye hita, kwenye sponji ya kuchujia maji, wanadonoa mahali ambapo hakuna kitu. Nikapaka kiini cha yai kwenye chungu labda watakula, maji yakachafuka yote yakawa meupe, ikabidi nianze upya.

Nilimpigia yule mtu wa lile duka la samaki unalolijua Mwanza. Akaniambia, "Mwaga tu, dada. Watataga tena." Nikakata simu. Maneno hayo nimeshaambiwa kanisani, nimeambiwa sokoni, nimeambiwa na kila aliyenishika mkono wa pole. Utapata mwingine. Mimi sitaki wengine. Nawataka hawa hawa, hata abaki mmoja.

Niambie basi, niwalishe nini? Nimwache jike nao au nimtoe? Maji ya kisima nikiyachemsha yatafaa? Nauliza, na najua ukifika hapa kusoma yatakuwa yameshaisha. Nilitaka kupiga ile simu ya ofisi yenu inayopigwa mtu akifiwa. Mayige akaniuliza nitawaambia nani amefariki. Nikaiweka simu chini.

Jana alikwenda Zagayu kumwona mama yake. Aliporudi akakoroga chai akaiacha ipoe. Mwishowe akaniambia kwamba mama hali chakula, na hamlaumu mtu. Ila amemweleza kuwa alikuwa akiniona. Kila asubuhi, akiwa mlango wa jikoni, aliniona nimesimama mbele ya tangi na gauni limelowa, nalia, na aliogopa sana. Aliona kama wale samaki ndio wanaoninyonya mimi. Hakujua aniambieje mtu mzima jambo kama hilo, ndipo akaja na habari za ndama.

Hapo nikamuuliza Mayige swali ambalo sijamuuliza tangu Oktoba. Nilimuuliza mtoto wetu alifanana na nani.

Akainama. Hajui. Alikuwa amesimama nje ya mlango, hakuweza kuingia. Mimi nilipozinduka kwenye ile dawa ya usingizi walikuwa wameshampeleka Zagayu. Mama ndiye aliyemwosha, akamviringisha kwenye kitenge chake, akampakata njia nzima mpaka nyumbani kwao. Duniani kote ni mtu mmoja tu aliyeuona uso wa mwanangu, na mimi nimemfukuza.

Vifaranga waliobaki wamejikusanya kwenye kona karibu na hita. Bado wanapumua. Wakiachwa siku moja tu bila mtu wa kuwabadilishia maji hawaponi, na Mayige ana kazi Kiloleli, harudi mpaka keshokutwa. Nimeyafikiria hayo yote. Kesho napanda gari la kwanza la Zagayu. Sitachukua chochote, maana sijui mtu anampelekea nini mama aliyemwambia maneno kama yale.

Usiwaombee samaki tena. Niombee mimi anifungulie mlango, na akinifungulia, niwe na sauti ya kumuuliza.

Baba anakusalimu na kusema usali pia kwa ajili ya mguu wake. Mjomba Januarius anakusalimu, shangazi Veronica naye, na Mayige, ambaye anasema umsamehe kwa habari hizi. Wasalimie masista wote wa nyumba yenu, na Mama Mlezi kama ameweza kufika mpaka hapa. Barua zote nilizokuandikia tangu Oktoba nilikuwa naweka na salamu za Mama Milembe, yeye mwenyewe akinisimamia begani kuhakikisha nimeziandika. Leo salamu zake sina.

Mungu akulinde mdogo wangu, akutimizie wito wako.

Ni mimi dada yako ninayekupenda,

Apolonia