Kichwa cha Sato

Jumanne, 3 Februari 1998

Sasa hivi Pendo amemlisha mtoto wake. Mtoto wake ni gunzi nililolifunga kitambaa. Amechota uji kwa kijiko, akapuliza, akaonja kwanza yeye, ndipo akampelekea gunzi. Ameniiga mimi. Sijawahi kumpa kitu bila kuonja kwanza. Nimecheka mpaka jirani Mama Koku kachungulia, akasema mtoto huyu atakuwa nesi, asipokuwa mwizi wa uji.

Mume wangu Masalu karudi mapema tena, na sato. Wakubwa, wanono. Tangu apunguzwe kiwandani akapata kibarua kwenye mtumbwi wa tajiri mmoja mpya, hatujakosa mboga. Namshukuru Mungu.

Ila naogopa. Naandika hapa kwa sababu hakuna wa kumwambia. Katoka kumekucha, karudi chai haijapoa. Wavu alioleta kuushona ni mkavu. Wavu mkavu, samaki wengi.

Nilimuuliza. Akacheka, eti mimi nikiona kivuli changu nakiamkia shikamoo. Kweli mimi mwoga. Niliogopa mashine ya kusaga. Niliogopa sindano. Niliogopa kuja kukaa Pasiansi, ziwa lote hili mbele ya mlango. Hakuna kilichoniua.

Ijumaa, 6 Februari

Kwetu kichwa cha samaki ni cha baba. Hata paka wa nyumbani alilijua hilo. Leo tena Masalu kakitoa kwenye sahani yake, akakiweka kwenye yangu. Kasema kula mama Pendo, wewe bado unanyonyesha. Yeye kala ugali na mchicha. Anasema mvuvi anashiba samaki kwa macho.

Nilitaka kulia kwa raha. Nilimsimulia Mama Koku. Akasema wa kwake kule Bukoba alikuwa anafyonza hadi mifupa, halafu anauliza mchuzi wamembakizia nani. Akasema nimepata mume, nimfunge kamba.

Kichwa kinaniuma tangu jana. Mate yananijaa mdomoni, chakula kinataka kurudi. Labda ni mimba. Nikimpata wa kiume nitafurahi, nikimpata wa kike nitafurahi. Nilimwambia Masalu. Aliacha kutafuna. Akasema Mungu akijalia. Akatoka nje, kikombe cha maji kakiacha kimejaa. Nadhani ni furaha.

Jumapili, 8 Februari

Kanisani mchungaji kahubiri juu ya woga. Kasema anayeogopa asichokijua hajamwamini anayekijua. Nilihisi ananiangalia mimi.

Njiani nikaamua basi. Mume ananipa kichwa, mimi namshuku kwa wavu. Aibu. Huu woga ni ugonjwa, nitaufukuza kama ninavyofukuza kuku jikoni.

Nimempa Pendo minofu ya tumboni, ile laini. Nilionja kwanza. Tamu. Siku nyingine huwa nampa kidogo sana, mchuzi tu. Leo nimemjazia. Amekula mpaka kalala na gunzi mkononi.

Masalu alikuwa kwenye mkeka, anatuangalia. Akaendelea na mchicha wake.

Jumatatu, 9 Februari

Pendo kaanza kutapika asubuhi. Mate yanamtoka kama povu. Mikono inaruka yenyewe. Mboni za macho zimekuwa ndogo kama punje za ulezi. Namwita, hanioni.

Mama Koku kambeba, mimi nikakimbia nyuma yao. Tupo zahanati. Wamemwekea dripu. Masalu hajafika.

Mungu, niachie huyu tu.

Jumatano, 11 Februari

Yupo hai. Leo kaomba maji. Kaomba gunzi lake.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi za zahanati. Lazima niandike la sivyo nitapiga kelele.

Nesi aliniuliza alikula nini. Nikasema sato. Akauliza nani mwingine anaumwa nyumbani. Nikasema mimi, kichwa na kichefuchefu, lakini nadhani ni mimba. Na baba yake? Nikasema baba yake ni mzima. Akaacha kuandika, akaniangalia.

Nikaanza kuziona akilini sahani za Masalu. Mchicha. Maharage. Mchicha. Tangu alipoanza kazi ile, sijamwona Masalu akimega samaki hata mara moja.

Alipofika nilimtoa nje. Hakubisha. Aliangalia kandambili zake wakati wote. Akasema wanamwaga dawa ya wadudu wa pamba kwenye matete, alfajiri. Ile tuliyokuwa tunapulizia shambani kwa baba, mimi mdogo nikifukuzwa nisiikaribie. Zamani ilitoka ushirika tu, siku hizi inauzwa duka lolote pembeni ya sukari. Samaki wanaelea wenyewe, wao wanaokota. Tajiri aliwaambia samaki ukimwosha vizuri hana madhara.

Nikamuuliza, "Kama hana madhara, kwa nini wewe hukula?"

Akasema, "Sikuwa na uhakika, mama Pendo. Niliogopa tu."

Aliogopa tu.

Na mimi niliogopa tu. Wote wawili hatukuwa na uhakika. Woga wake aliuita kushiba. Wangu aliuita ujinga, akaucheka, mpaka na mimi nikaucheka. Kisha akachukua kichwa, heshima ya baba, akanipa mimi. Nami nikatamba kwa jirani.

Alhamisi, 12 Februari

Si mimba. Nimejua asubuhi. Ilikuwa sumu tu.

Pendo karuhusiwa. Nimemchukua, tumekuja kwa dada yangu, huku Mabatini. Masalu alisimama mlangoni kwetu na mfuko wangu, hakujua aubebe au auzuie. Niliuchukua mwenyewe.

Jumamosi, 14 Februari

Dada anasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Anasema nisijilaumu. Najilaumu. Si kwa kuogopa. Kwa kuacha.

Kuku wa dada ana vifaranga. Leo kivuli kilipita uani. Hakutazama juu kuuliza kama ni mwewe au ni kunguru. Alitandaza mabawa, wote ndani. Kilikuwa kipande cha nailoni kinapeperuka. Baadaye wakatoka wakaendelea kuchakura. Hakuna aliyemcheka.

Masalu naye aliogopa. Lakini mabawa yake alijifunika mwenyewe.

Namchukia. Usiku nasahau, nasogea nimwachie nafasi kitandani.

Jumapili, 22 Februari

Masalu kaja baada ya ibada. Kakonda. Kaacha mtumbwi, anabeba mizigo sokoni. Alimwamkia dada shikamoo, ingawa dada anamzidi kidogo tu. Dada akaitikia marahaba bila kumwangalia.

Kaleta sato mmoja. Kamnunua kwa mzee wa ndoano, kasimama pale mpaka akamwona anatolewa majini, bado anarukaruka. Dada kampika kwa sababu chakula hakitupwi.

Chakula kilipotengwa hakuna aliyenyoosha mkono. Masalu akavuta sahani. Akachukua kichwa. Akala mbele yetu, mashavu, macho, kila kitu, akafyonza mfupa. Jasho lilimtoka. Dada alitaka kusema neno la kumchoma, nikaona akalimeza.

Pendo akamsogelea na gunzi lake. Akasimama kando ya goti la baba yake, akafungua mdomo. Masalu akamega kipande, mkono ukabaki hewani. Akaniangalia mimi.

Nikasema, "Ngoja."

Akangoja.

Nimeingia ndani kuandika, wao wako uani na dada. Namsikia Pendo anamwimbia gunzi. Pasiansi sijasema nitarudi. Sijasema sitarudi. Woga wangu bado unakuja nikimwona karibu na mtoto, na safari hii siufukuzi, nausikiliza. Ila niliona mkono wake ulivyotulia hewani, haukushuka, haukwenda. Labda mtu anaweza kujifunza. Labda

Masalu ananiita. Anasema chakula kinapoa, anauliza kama Pendo ale sasa.