Wateja wa Ijumaa Jioni

Rangwe,
Jumatatu asubuhi.

Kwa kaka yangu mpendwa Kerosi,

Pokea salamu zangu nyingi, nikiomba zikukute mzima huko Awendo, wewe na wifi yangu na watoto. Kile kidole ulichojikata kwa panga la miwa kimepona? Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio unaonisumbua, na sababu utaiona ukisoma mpaka chini. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa kuwa jambo hili sitaki kulitamka kwa sauti nikiwa hapa. Barua nitampa Zablon, dereva wa lori, akukabidhi mkononi.

Ulisema utaacha kukata miwa uje tuendeshe mashine ya kusaga posho pamoja siku nitakapokuwa na jina, hata kama faida haijaja. Ulisema vizuri, na sasa umeniarifu kwamba unakuja Jumapili hii. Lakini hujui jina hilo nililipataje. Chumba nilichopanga hapa sokoni kilikuwa na msagaji mwingine kabla yangu, na watu walimchoka kwa ujanja wake. Alizima injini mapema ili unga ubaki kwenye ule mfuko wa kitambaa unaofungwa mdomoni mwa mashine, na mwenye mahindi akienda zake, jamaa anaukung'uta na kupata chakula cha jioni. Nilipofungua, wanawake walipita mlangoni na mabeseni yao kama hawanioni, wakaenda kusaga mbali. Mkisii mgeni kwa Wajaluo, tena katika chumba cha mwizi, nani angemletea? Nikajiwekea sheria. Mfuko naukung'uta mbele ya mwenye mahindi mpaka vumbi liishe. Na anayeniita simnyimi jibu, hata awe nani. Hiyo ya pili ndiyo iliyoniponza.

Ijumaa moja nilikuwa nafagia ili Sabato inikute nimefunga mashine. Upepo ukaja kutoka upande wa ziwa, na ndani yake sauti za watu wengi wanaozungumza bila kueleweka. Soko zima likaanza kupiga sufuria na mabati. Nilidhani ni sherehe ya kwao, au labda wananizomea, nikatulia. Kisha sauti ya mwanamke, hapo hapo nje ya mlango, ikaniita Bitutu, ikaomba nimsagie. Jua lilikuwa limezama na Sabato imeingia, sikufungua. Nilimjibu kwa adabu aache mahindi hapo, nitasaga Sabato ikiisha.

Emmaculate, muuza omena jirani yangu, alinisikia. Kesho yake alikuja amekunja uso.

"Hao ni nyawawa, nyathina," aliniambia, akiniita mwanawe kwa Kijaluo. "Ni watu walikufa kitambo. Sisi hatujibu hao, tunapiga sufuria wapite. Sasa wewe umeambia wao waache mzigo kwako?"

Nilicheka, maana mimi ni Msabato na mambo hayo siyaamini. Lakini gunia lilikuwa mlangoni, limelowa, linanuka tope, na mvua haikuwa imenyesha.

Ningefanyaje? Kulitupa ni kuwa kama yule wa kwanza. Sabato ilipoisha nilisaga, nikakung'uta mfuko, nikatangaza sokoni kwamba kuna unga wa mtu kwangu. Hakuna aliyejitokeza. Nikaufungia ndani kwa kufuli, na asubuhi unga haukuwepo, kufuli likiwa vilevile. Ijumaa iliyofuata likaja gunia lingine. Watu waliona hayo yote, wakaanza kusema kwamba kama huyu Mkisii hali unga wa wasioweza kumdai, hatakula unga wao. Chema chajiuza, kaka. Leo foleni inafika kwa fundi wa baiskeli, na Emmaculate mwenyewe anasaga kwangu, ingawa kwa kuuogopa ule mlango beseni analipitisha dirishani.

Sasa nikuambie lililonifanya niandike. Ijumaa iliyopita hawakuleta gunia. Yule mwanamke aliita, lakini hakuita Bitutu. Alisema kwa Kikisii, kama cha kwetu kabisa: "Kerosi anafika lini?"

Jina lako nilikuwa sijamtajia mtu yeyote hapa. Na mimi, kwa mazoea ya kumjibu kila mteja, ulimi ukatangulia akili. Nilimwambia Jumapili. Akanishukuru, akasema watatoka wote barabarani kukupokea.

Nimeogopa, kaka. Hapa ninasifiwa kuwa mtu asiyedanganya, na sifa hiyo ndiyo mali pekee niliyo nayo. Basi na iende. Usije Jumapili hii wala nyingine yoyote. Wakirudi kuuliza, nitawaambia nilikosea, kwamba mimi sina kaka na sijawahi kuwa naye. Nisamehe kwa kukukana, hakuna njia nyingine ya kukuweka hai.

Msalimie sana wifi, uwabusu watoto. Ukinijibu, usiandike majina yao.

Ni mimi dada yako,
Bitutu