Geji ya Baba Ndani ya Soksi Yangu

Al-Murabba, Riyadh
Jumapili, baada ya alasiri

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini magoti yako bado yanakubali kupanda kutoka bondeni, na kwamba baridi ya Lushoto haijakufungia jikoni. Sisi huku ni wazima wa mwili. Mama amerudi kazini hospitalini, yuko zamu ya asubuhi, na mimi nimerudi shuleni.

Barua hii anakuja nayo muuguzi mwenzake Mama anayekwenda likizo Tanga. Naomba Baba Mdogo akusomee polepole, na asiruke mahali ninapojisema vibaya.

Bibi, niliusikia ujumbe wa sauti uliomtumia Mama. Ulisema siku ya arobaini ya Baba, baada ya hitma, ungependa yasomwe maneno kutoka kwa mtoto wake, ili majirani wajue mwanao aliishije huku mbali. Halafu ukasema, "Aandike Salim, ndiye aliyekaa naye." Mama aliucheza ujumbe mara mbili. Mimi nilikuwa nakata vitunguu, na nashukuru vilikuwa vitunguu.

Wewe huniita mke mwenzio na kunitania kuwa tunaoneana wivu. Basi leo mke mwenzio anakiri kwamba ana wivu, na huu si wa utani. Ninamwonea kaka yangu Salim.

Unakumbuka kafili, yule tajiri mwenye kibali chake cha kazi, alivyomhamishia Baba Jeddah miaka miwili iliyopita, kutengeneza viyoyozi. Salim alikuwa amemaliza shule, akaenda naye kujifunza kazi. Walipanga chumba mtaa wa Sharafiya, juu ya duka la simu. Na wewe unamjua mwanao: Ijumaa ikishaswaliwa, kuta zilikuwa zinamkaba. Basi picha zikawa zinakuja. Baba juu ya mawe ya pwani, suruali imekunjwa hadi magotini, mshipi wa kuvulia mkononi. Baba kwenye milima ya Taif, nyani wanaukodolea macho mkate wake. Na katika kila picha, pembeni yake, Salim. Mimi nilizitazama nikiwa ghorofa ya nne, ambako dirisha letu linatazama ukuta. Nilikuwa naandika "Mashaallah", naweka ua, halafu naigeuza simu kifudifudi.

Hata alipofariki, Bibi. Moyo wake uliposimama kule kazini, Salim alikuwepo. Salim alimwosha, akashuka kaburini kumpokea. Mimi na Mama tulifika kwa ndege, tukakaa ndani ya gari nje ya ukuta wa makaburi, kiyoyozi kinavuma. Hata udongo Salim aliupata, na mimi sikuupata.

Baadaye akaja kuishi nasi hapa, na kofia pana ya Baba kichwani. Kila mlo ni "Baba alipenda hivi" na "Baba aliniambia vile". Siku moja nikashindwa kuvumilia nikasema, "Halas, imetosha, Salim! Na mimi nilikuwa na baba!" Mama akaweka kijiko chini. Hakuna aliyemaliza chakula. Naomba unisamehe kwa hilo, kwa sababu yeye sijamwomba vizuri.

Sasa nikueleze ya Ijumaa iliyopita.

Mama alisema twende jangwani, mahali Baba alipokuwa akitupeleka kila alipokuja Riyadh mwisho wa mwezi, tukamwombee dua. Salim akaendesha gari la Baba. Lami ilipokwisha, akaingia mchangani moja kwa moja. Hatukwenda mbali. Magurudumu yakaanza kuzunguka papo hapo.

"Salim, mwanangu, usikanyage sana," Mama akasema. "Unatuchimbia kisima."

"Nimelizoea gari hili, Mama."

"Umelizoea kwenye lami," nikasema mimi kutoka nyuma.

Akakanyaga tena. Gari likakaa kwa tumbo. Tukashuka wote. Salim akasimama mikono kiunoni kama mwenye shamba.

"Umetoa upepo?" nikamuuliza.

"Upepo gani?"

"Wa matairi."

"Nani anatoa upepo kwenye tairi zima? Zuhura, nenda ukakae kivulini na Mama."

Bibi, hapo ndipo nilipogundua kwamba hajui. Kila walipofika kutoka Jeddah, Salim alikuwa amechoka safari. Jangwani alikuwa akilala kiti cha nyuma, hashuki mpaka tufike. Kumbe hakuwahi kuona. Lami ilipokuwa ikiisha, Baba alisimamisha gari na kuniambia, "Yalla, fundi wangu, shuka." Tulizunguka matairi yote manne, mimi na yeye tumechuchumaa. Nilikuwa nikibonyeza vali upepo utoke, naweka geji ya kupimia upepo, namsomea namba. Thelathini na tano, ishirini na nane, hadi kumi na nane. Tairi likilegea linatandaza unyayo kama ngamia, halizami. Baba hakuwa akisoma geji mwenyewe. Alikuwa akiniuliza, "Inasemaje?" na kuniamini.

Nikafungua kisanduku cha mbele ya kiti cha abiria. Geji ilikuwa palepale, ndani ya soksi yangu nyeupe ya darasa la kwanza, ile Mama aliyoitarizi jina langu kwa uzi mwekundu.

"Hiyo soksi!" Salim akasema. "Kumbe ndiyo kazi yake?"

Alipiga magoti akaanza kuparura mchanga kwa mikono, na akawa anaongea bila kunitazama. Alisema kuwa siku moja kule Jeddah alisafisha gari akataka kuitupa soksi hiyo bila kuichungulia ndani. Baba hakuwahi kumkaripia isipokuwa siku hiyo. Alimwambia, "Rudisha. Hiyo ni ya fundi wangu wa Riyadh."

"Nikamuuliza, sasa mimi si ndiye fundi wako?" Salim akasema. "Akacheka tu. Nilikuonea wivu, wewe bibie. Siku nzima sikusema naye."

Nisikufiche, Bibi. Nilifurahi, furaha mbaya ya mtu aliyeshinda. Kisha nikaona kofia ya Baba inatikisika, nikajua analia chini yake. Nikamwita, "Yalla, shuka huku tairi la nyuma, nikufundishe." Mama akasema, "Alhamdulillahi, angalau mmoja alikuwa macho." Tukacheka wote watatu, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Upepo ulipofika kumi na nane, gari likatoka. Tulipofika tukafanya kama Baba alivyokuwa akituamuru: kabla ya chai kila mtu atembee mpaka gari lionekane dogo kama kiberiti, kisha ndipo arudi. Tulisimama kule mbali tukaomba dua. Salim akaniambia, "Andika wewe. Mimi nikiandika nitaandika samaki tu. Lakini samaki usiwasahau."

Kwa hiyo, Bibi, naomba ukubali yasomwe haya yangu:

Mwanenu hakupenda kukaa ndani. Alipenda bahari, milima na mchanga, lakini hakuwahi kuviendea peke yake kama kulikuwa na mtoto wa kufuatana naye. Alivua samaki na mwanawe, akawarudisha wadogo majini. Alimwachia binti yake asome geji, na safari yake aliitegemeza kwenye jibu la binti huyo.

Wivu haujaniisha. Ile bahari bado naitaka, na Salim ameahidi kunionyesha kufunga ndoana. Geji nimemwambia ni yangu, asiiguse bila ruhusa. Amekubali, lakini kofia hatoi.

Mama anasema likizo ikifika huenda tukaja. Sitaki kukaa sebuleni nikisimuliwa, Bibi. Nionyeshe njia ya msituni ambayo Baba alikuwa akitorokea alipokuwa na umri wangu. Niache niifuate mpaka nyumba yako ionekane kama kiberiti, kisha nirudi ninywe chai yako.

Nisalimie Baba Mdogo, ambaye sasa hivi koo limemkauka kwa kusoma. Nisalimie Shangazi Mwanahawa mwenye bustani ya kabichi, na binamu yangu Asha, mwambie viatu vyangu vya kutembelea bado vinanitosha. Mama na Salim wanakubusu mikono.

Mjukuu wako na mke mwenzio,
Zuhura